Kabla Hujashika Keekee: Antena ya Transponda Ikae Wapi kwenye Glaida

Weka keekee chini kwanza. Tundu lililotobolewa pasipofaa kwenye tumbo la glaida halizibwi kwa gundi ya dukani. Linahitaji fundi mwenye leseni, na gharama yake inaweza kuipita bei ya antena yenyewe. Wakati unamsubiri fundi, wenzako wanaelea juu ya mashamba ya mahindi ya kaunti ya Goodhue. Orodha hii ni ya anayerusha glaida kuzunguka Minneapolis na Saint Paul, awe mzaliwa wa Minnesota au mtu aliyehamia Brooklyn Park akitokea Kisii. Msomaji aliye Nairobi au Dar es Salaam achukue fizikia, sheria ya Marekani aiache ilipo. Mamlaka za anga za huko, KCAA na TCAA, zina kanuni zao.

Kwanza mahali penyewe. Uwanja wa Minneapolis–Saint Paul, MSP, ni mojawapo ya vituo vikuu vya shirika la Delta, na kuuzunguka kuna duara la maili 30 za baharini ambamo ndege hulazimika kuwa na transponda inayotuma kimo chake. Kanuni namba 91.215 ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, imezisamehe glaida, maputo na ndege ambazo tangu kiwandani hazikuwa na umeme wa kuzalishwa na injini, mradi zikae nje ya anga ya daraja A, B na C na chini ya kimo kilichowekwa. Uwanja wa nyasi wa Stanton, karibu na Cannon Falls, ambako Minnesota Soaring Club hurushia glaida zake, uko takriban maili 26 kutoka MSP: ndani ya duara kabisa. Osceola, ng'ambo ya mto St. Croix upande wa Wisconsin, ambako Red Wing Soaring Association huruka, iko nje kidogo. Rubani wa Stanton basi anaweza kuruka mchana kutwa bila transponda na asivunje sheria yoyote, huku ndege za abiria zikishuka na kupanda kwenye anga ya jirani.

Msamaha huo ni wa sheria. Ndege inayokuja kwa mafundo 250 haiusomi.

Ukishaamua kufunga transponda, basi ifunge isikike. Transponda yenye antena mahali pabovu ni hatari kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu asiye nayo huzungusha shingo muda wote, na aliye nayo huamini ameshaonekana.

Usitafute rada chini ya miguu yako

Wengi huchagua mahali pa antena kwa picha iliyo kichwani: rada iko ardhini, mimi niko juu, kwa hiyo antena itazame chini. Piga hesabu kabla ya kuamini picha hiyo. Ukiwa futi 4,000 juu ya ardhi na maili 26 kutoka rada, mstari kati yenu umeshuka chini ya upeo wa macho kwa digrii moja na nusu tu. Ndege ya abiria iliyo maili 5 mbele yako na futi 2,000 juu yako iko kwenye pembe isiyofika digrii 4. Rada inayokuuliza na ndege itakayokugonga, zote ziko pembeni yako, karibu na upeo, hadi dakika ile ambapo transponda haina msaada tena.

Na ndege hiyo ya abiria haisubiri rada. Ina TCAS, mfumo wa kuepusha migongano, ambao huiuliza transponda yako moja kwa moja kwenye megahezi 1,030 na kusikiliza jibu kwenye megahezi 1,090, kama zile rada za ardhini zinavyofanya. Ikikusikia, humwambia rubani wake apande au ashuke. Isipokusikia, haijui kama upo.

Antena ya kawaida ya transponda ni kijiti kimoja, au pezi dogo lenye kijiti ndani yake. Hutupa nguvu yake ubavuni, pande zote, na kwenye ncha yake haitupi karibu chochote. Hivyo ni lazima isimame wima mabawa yanapokuwa sawa. Habari ya tumbo au mgongo ni swali la pili. La kwanza ni hili: ungeweka jicho lako pale antena ilipo, ungeuona upeo wa macho pande zote bila kuzibwa na kaboni, chuma, betri au kiwiliwili cha mtu?

Hesabu pia kuinama. Glaida huishi kwenye mizunguko ndani ya hewa inayopanda, na ikiinama digrii 45 antena nayo imeinama hivyo hivyo. Kwa pande fulani za mzunguko, kuinama peke yake hula nusu ya nguvu. Kwa upande mwingine bawa la kaboni linakuwa ukuta. Rada ya uwanja mkubwa hupita takriban kila sekunde 5, na mzunguko mmoja wa glaida kwa mafundo 50 huchukua kama sekunde 16, kwa hiyo unaulizwa kama mara tatu kila unapozunguka. Kukosa kujibu mara moja kati ya hizo tatu hakumsumbui mwongoza ndege. Ukikosa zote tatu, antena yako imewekwa mahali pabovu, na hakuna maelezo mengine.

Jua ganda la glaida yako limetengenezwa kwa nini

Hapa ndipo watu wanapoharibu zaidi, kwa sababu glaida zote ni nyeupe. Rangi haisemi chochote kuhusu kilicho chini yake.

Fibaglasi hupitisha mawimbi ya transponda bila shida. Aramidi, inayojulikana zaidi kwa jina la Kevlar, nayo huyapitisha. Kaboni huyazuia. Antena iliyofichwa ndani ya ganda la kaboni imefungiwa ndani ya sanduku. Itajibu, na jibu litabaki humo humo pamoja na buti zako. Alumini ni vivyo hivyo.

Chungulia ndani, mahali ambapo hapakupakwa rangi: nyuma ya kiti, ndani ya shimo la gurudumu, chini ya kifuniko cha betri. Kaboni ni nyeusi, aramidi ni ya manjano, fibaglasi ni nyeupe iliyofifia au ya kijani kidogo. Kisha usimalize hapo. Glaida za kisasa huchanganya: chumba cha rubani huwa cha kaboni na aramidi, mkia wa kaboni, pezi la wima la nyuma la fibaglasi kwa kuwa antena ya redio ya mazungumzo huwekwa humo tangu kiwandani. Kitabu cha matengenezo cha glaida yako kinasema sehemu ipi ni nini. Kisome. Kama kimeandikwa Kijerumani, tafuta wa kukusomea. Ramli haina nafasi hapa.

ASK 21 na Grob 103, ambazo vilabu vingi hufundishia, ni za fibaglasi, na zinakupa uhuru mkubwa wa kuchagua. Blaník ya Kicheki ni ya alumini: antena iwe nje, na ngozi yote ya ndege inakusaidia. Schweizer 2-33, mzee aliyefundisha Wamarekani wengi kuruka, mwili wake ni mabomba ya chuma yaliyovikwa kitambaa. Hapo kitambaa hakizuii kitu wala hakibebi kitu, na antena inahitaji bamba la alumini lililoshikizwa kati ya mabomba.

Usisimamishe kijiti juu ya fibaglasi tupu

Kijiti cha transponda ni nusu ya antena. Urefu wake ni robo ya wimbi. Wimbi la megahezi 1,090 lina sentimita 27.5, kwa hiyo kijiti huwa na karibu sentimita 7. Nusu ya pili ni chuma kinachokizunguka miguuni, bamba la ardhi. Kwenye ndege ya alumini bamba hilo ni ndege yenyewe. Kwenye fibaglasi halipo, na usipoliweka, ganda la nje la kebo litajifanya bamba. Nguvu itatambaa kurudi hadi kwenye paneli, redio itanguruma, na rada itasikia mnong'ono.

Weka bamba ndani ya ganda, juu ya kitako cha antena. Upana wake kutoka kwenye kijiti kwenda kila upande usipungue robo ya wimbi. Kitabu cha transponda yako kikitaka zaidi, na vingi hutaka zaidi sana, kipe kinachotaka. Unene si hoja. Foili nzito ya jikoni inapitisha umeme wa kutosha, mradi ibandikwe vizuri isichanike. Karatasi ya shaba ni rahisi zaidi kuilehemu. Bamba liguse kitako cha antena chuma kwa chuma: piga msasa rangi yote chini ya nati, weka washa yenye meno, kaza. Bamba lililotenganishwa na antena kwa tabaka la rangi ni pambo.

Kwenye kaboni utakutana na mtu wa kukuambia kwamba kaboni yenyewe inatosha kuwa bamba, maana inapitisha umeme. Inapitisha, ndiyo, ila vibaya, na nyuzi zake zimezama kwenye epoksi ambayo haipitishi kabisa. Weka foili hata hivyo.

Iko pia antena ya mikono miwili, daipoli, isiyohitaji bamba. Hubandikwa wima ndani ya pezi la nyuma au ndani ya pua, na wapenda mbio huipenda kwa kuwa haitoki nje kukata upepo. Ni nzuri mahali penye fibaglasi tupu. Usiibandike kando ya betri, fimbo ya usukani, waya au bomba la chuma; vitu hivyo vikiwa karibu nayo, huigeuza kuwa antena ya masafa mengine.

Usimkalishe mtu juu ya antena

Chini ya kiti cha rubani pana nafasi, pana njia fupi ya kebo, na panavutia. Achana napo. Nguvu ya wastani ya transponda ni ndogo, kwa sababu kila jibu ni mfululizo wa mapigo mafupi mno, hata jibu refu la transponda ya Mode S halizidi maikrosekunde 120. Lakini kila pigo lina nguvu ya wati 130 hadi 250, na hakuna sababu ya kuukaribisha mwili wa binadamu jirani na chanzo chake. Na hata asiyejali afya yake ajali mawimbi: mwili ni maji kwa sehemu kubwa, na maji humeza masafa haya. Unakuwa umeweka ngao ya nyama juu ya antena yako.

Weka tumboni, nyuma ya gurudumu, na upime kwa mkono wako

Kwa glaida nyingi jibu ndilo hili: tumbo, nyuma ya gurudumu kuu, kwenye mstari wa katikati, kabla mwili haujawa mwembamba. Antena inaona upeo pande zote, kebo haizidi mita mbili au tatu, na mtu hakai juu yake. Tatizo ni mahali hasa. Usiamue kwa kuangalia. Fanya hivi.

Funga na fungua milango ya gurudumu huku mtu ameshika kijiti cha karatasi cha sentimita 7 pale unapopataka. Mlango usikiguse hata ukilegea. Kaa chini uangalie ndoano ya kuvutwa: pete za kamba zikikatika zikaruka nyuma zitapita wapi? Kwa anayevutwa kwa winchi, ndoano iko karibu na gurudumu, na kamba hupiga tumbo kwa nguvu usiyoitarajia. Kisha peleka glaida kwenye trela. Hapa ndipo antena nyingi hufa. Kitoroli cha kuingizia mwili kina mkono wa kushikilia tumbo, na mkono huo haujui kwamba umeongeza kijiti. Ingiza hadi mwisho, toa, angalia alama. Rubani wa Minnesota huitia glaida yake kwenye trela kila vuli na kuitoa kila masika. Kosa la sentimita tatu litajirudia mara mbili kwa mwaka hadi uchoke.

Pima nyasi. Stanton ni uwanja wa nyasi, na nyasi za Juni baada ya mvua hazisubiri mashine ya kukatia. Glaida iliyosimama na mkia chini huinamisha tumbo nyuma ya gurudumu, na kijiti chenye kichwa cha mviringo kikikwaruza udongo kila siku hupinda. Kilichopinda hakiko wima, na kilichokatika sentimita moja hakiko tena kwenye masafa yake. Pezi dogo huvumilia zaidi kuliko kijiti na halitoi mluzi angani. Lina bei zaidi. Lipa.

Atakayetua bila kushusha gurudumu ataivunja antena hata ungeiweka wapi tumboni. Siku hiyo antena itakuwa ya mwisho katika orodha ya gharama zake.

Pua, mgongo na pezi la nyuma

Pua inafaa kama ni fibaglasi na kama betri haiko humo. Kwa glaida nyingi betri iko humo. Mgongo, nyuma ya kioo cha rubani, unafaa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ile hesabu ya digrii moja na nusu haijali juu wala chini. Shida ni mabawa, yanayoziba upeo kwa chini na pembeni, na macho ya mwenye glaida, asiyependa kuona kijiti kwenye mstari wake mzuri. Pezi la nyuma ni zuri kwa kuonekana na baya kwa kebo.

Usidharau kebo

Pimia kebo kabla ya kuchagua mahali. Kebo nyembamba ya RG-58, ile ambayo kila mtu anayo stoo, hupoteza karibu nusu desibeli kwa kila mita kwenye masafa haya, na iliyozeeka hupoteza zaidi. Desibeli 3 ni nusu ya nguvu. Kutoka kwenye paneli hadi pezi la nyuma la glaida yenye mabawa ya mita 15 ni mita 5 au 6, kwa hiyo umenunua transponda ya wati 130 na kuipa antena wati 65. Nusu ya pesa zako imeupasha moto mkia. Transponda zingine za kisasa, kama TT21 na TT22 za Trig, zimegawanywa sehemu mbili: kichwa kidogo cha kubonyeza kwenye paneli, na sanduku la redio linaloweza kukaa nyuma ya kiti. Weka sanduku karibu na antena, waya mwembamba wa data urefuke unavyotaka.

Upotevu wa RG-400 si mdogo sana kuliko wa RG-58, lakini ina ngao mbili na haiyeyuki kwa moto wa kulehemu. Ukitaka upotevu mdogo kweli, nunua kebo nene ya aina ya LMR, ukubali ugumu wake kwenye kona. Kebo isikunjwe kona kali; kila kona kali ni mahali pa nguvu kurudi ilikotoka. Vichwa vya kebo vibanwe kwa koleo lake. Anayebana kwa meno ya pense ya nyumbani anajitengenezea kazi ya masika yajayo.

Usiipe majirani wabaya

Antena ya transponda ikae mbali na antena ya redio ya mazungumzo na ya GPS. Takriban mita moja ni kipimo cha kuanzia, kitabu chako kitasema zaidi. Jirani mbaya kuliko wote ni FLARM, kifaa cha kuonyana kati ya glaida na glaida. Marekani kinatumia masafa ya karibu megahezi 915, na PowerFLARM husikiliza pia megahezi 1,090 ili ijue ndege zilizo karibu. Antena yake ikiwa sentimita 20 kutoka kwa antena ya transponda, kila unapojibu rada unaiziba masikio.

Usitoboe bila karatasi

Kama glaida yako ina cheti cha kawaida cha kuruka, kutoboa ganda si kazi yako peke yako. Fundi mwenye leseni ya FAA lazima aidhinishe na kuandika kwenye kitabu, na kama mabadiliko yanahesabika makubwa kuna fomu 337. Glaida ya cheti cha majaribio inakupa uhuru zaidi, si uhuru wa kutumia akili kidogo. Watengenezaji kama Alexander Schleicher na Schempp-Hirth wana maelekezo ya kiufundi kuhusu wapi panaruhusiwa. Waandikie na namba ya glaida yako. Tundu la milimita 12 kwenye ganda jembamba linahitaji bamba la kuimarisha kuzunguka, kingo laini bila nyufa, na uhakika kwamba nyuma yake hakuna fimbo ya usukani. Fimbo ya kuinua mkia hupita ndani ya mwili mzima hadi nyuma. Sogeza usukani mwisho hadi mwisho huku umeweka mkono wako pale nati ya antena itakapokaa.

Andika upya uzito na mizani. Gramu mia na hamsini kwenye pezi la nyuma, mita 4 kutoka katikati ya uzito, si kitu kwa rubani wa kilo 90, na inaweza kuwa kitu kwa mwanafunzi wa kilo 55.

Usipake rangi ya chembe za chuma juu ya antena ya pezi ili ifanane na glaida. Kweli, watu hufanya.

Pima, usikisie

Kila miezi 24 kanuni 91.413 inataka transponda ipimwe na karakana yenye idhini. Usiichukulie kama stika ya gari. Mwambie fundi akuonyeshe nguvu inayotoka kwenye antena, si iliyo nyuma ya sanduku, na kiasi kinachorudi kwenye megahezi 1,030 na 1,090. Uwiano unaozidi 1.5 kwa 1 unamaanisha kuna kasoro kwenye bamba, kebo au kijiti. Kisha ruka, mwite mwongoza ndege wa Minneapolis wakati hana shughuli nyingi, na umwombe akuambie kama anakuona na kimo gani. Zunguka kushoto mara mbili, kulia mara mbili, umwulize tena. Ulizo hilo la dakika mbili lina thamani kuliko maoni yote ya hanga. Aliyeongeza ADS-B, mfumo wa ndege kujitangaza mahali ilipo, ambao umekuwa sharti kwa ndege nyingi tangu tarehe 1 Januari 2020 na ambao glaida pia zimesamehewa, anaweza kuiomba FAA ripoti ya bure ya safari yake, nayo itamwonyesha ni wapi alipotea.

Washa

Tarehe 28 Agosti 2006, karibu na Smith huko Nevada, ndege ya biashara aina ya Hawker 800XP iligongana na glaida aina ya ASG 29 kwenye kimo cha kama futi 16,000. Rubani wa glaida aliruka kwa parachuti akapona. Hawker ilitua Carson City bila magurudumu, pua ikiwa imechanwa, na wote watano waliokuwamo wakapona. Glaida ilikuwa na transponda. Ilikuwa imezimwa ili kuokoa betri. Mwaka 2008 bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani, NTSB, iliitaka FAA iondoe msamaha wa glaida, na msamaha bado upo.

Kwa hiyo usinunue antena kabla hujanunua betri. Transponda za sasa hutumia chini ya nusu ampea. Betri ya ampea saa 7 ya risasi, ikiwa mpya na imejaa, inatosha mchana mzuri, ikiwa ya miaka minne haitoshi. Nunua ya pili. Na sheria haikuachii uchaguzi unaoudhania: transponda iliyofungwa na inayofanya kazi inatakiwa iwashwe unapokuwa kwenye anga inayodhibitiwa. Namba ya glaida isiyozungumza na waongoza ndege ni 1202, si 1200 ya ndege za kawaida, ili mwongoza ndege ajue kwamba nukta ile inayozunguka mahali pamoja haijapotea njia. Zungusha namba polepole, na usipite juu ya 7500, 7600 wala 7700 ukiwa unabadilisha.

Kagua kila Machi

Glaida hulala kwenye trela tangu baridi inapoanza hadi theluji inapoyeyuka, na unyevu huingia kwenye vichwa vya kebo. Kabla ya kuvutwa mara ya kwanza, fungua kichwa cha upande wa antena, tafuta ukungu wa kijani kwenye shaba, angalia kama bamba la ardhi halijabanduka gundi, kaza nati, shika kijiti ukitikise. Kikicheza, nati imelegea au ganda lina ufa, na ni lazima ujue ni lipi. Kilichopinda usikinyooshe kwa koleo. Agiza kingine.